Matoleo ya Rangi

Kosa la kwanza, kama mnataka kumtafuta wa kulaumiwa, lilikuwa la fundi seremala. Papa Habarurema ana karakana yake ya vitanda hapo Ndosho, mjini Goma, ukuta kwa ukuta na shule ya watoto wadogo anakofundisha Séraphine, na tangu asubuhi mpaka jioni nyundo yake haijui kupumzika. Walimu wengine walishazoea kupaza sauti. Séraphine, mwenye watoto arobaini na watatu wa miaka minne na mitano katika chumba kimoja cha mbao, alishakata tamaa ya kushindana naye, na asubuhi moja ya kuchora aliacha tu nyundo iseme ilichotaka kusema. Ndipo alipoona jambo. Nyundo ikigonga haraka haraka, brashi za watoto nazo zilidonoa karatasi haraka haraka. Fundi akishika randa, ubao ukalia shwaaa, rangi nayo ikavutwa kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Na fundi alipotoka kwenda kunywa chai, watoto arobaini na watatu waliinua brashi zao hewani wakamngoja arudi.

Séraphine alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mwalimu mwingine angecheka, akasahau, akaendelea na maisha yake. Yeye alilala na jambo hilo, akaamka nalo, na Jumapili baada ya misa akamvizia Mama Louise mlangoni mwa kanisa.

Mama Louise ana shughuli mbili hapa duniani. Siku sita anauza vitenge sokoni Birere, na siku ya saba anapiga ngoma kubwa ya kwaya ya parokia, kwa miaka ishirini sasa, na mikono yake ndiyo inayowafahamisha waumini lini wasimame, lini wacheze na lini watulie. Alikubali kabla Séraphine hajamaliza maelezo. Alitoa sharti moja tu, kwamba asikalishwe kwenye viti vya watoto, maana alijua mwili wake na alijua viti vile.

Basi ikazaliwa saa ya ngoma na rangi, kila Alhamisi saa tatu asubuhi. Rangi za dukani hazikuwepo, na Séraphine hakuzililia. Nyekundu ilitoka kwenye biti, njano kwenye manjano ya mchuzi, kijani kwenye sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, nyeusi kwenye makala, yale makaa ya kupikia. Vyote vilikorogwa na uji mwepesi na kutiwa katika vikopo vya nyanya, kikopo kimoja cha rangi moja kwa watoto wawili, wakibadilishana na majirani. Karatasi zilikuwa mifuko ya simenti iliyopasuliwa na kukung'utwa vizuri nje. Brashi zilikuwa ncha za kamba ya katani zilizofungwa kwenye vijiti. Mama Louise alipiga, watoto walichora walichosikia, na mwisho wa saa chumba kizima kilinuka mchuzi.

Lakini Séraphine alikuwa ameona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka kumi na mmoja ya kufundisha. Watoto waliacha kumuuliza. Siku nyingine zote hakuna aliyeweza kuchora hata kijiti bila kuinua uso na kuuliza, Madame, njo vile, ndivyo hivi? Alhamisi hawakuuliza, kwa sababu ngoma ilikuwa imeshawajibu. Akaanza kuzipenda Alhamisi. Alizipenda kiasi cha kutoka nyumbani mapema na kutembea upesi juu ya mawe meusi ya Ndosho, mtu mzima, mwalimu, kama anayewahi harusi.

Mkuu wa shule, Papa Florent, hakuzipenda. Naomba msimchukie, maana ni mtu mwema ambaye hajawahi kumwinulia mtoto kidole. Shida yake ni mpangilio. Ofisini mwake amebandika bata arobaini na watatu waliochapwa kwa mashine, bata yule yule, wote wametiwa rangi ya njano, wote wanatazama kushoto, na akichoka na dunia huenda kuwatazama. Sasa kwenye karatasi ya matayarisho ambayo kila mwalimu lazima aijaze kabla ya somo, ile wanayoiita fiche, pana mstari mmoja wa kuandika branche, yaani somo gani linafundishwa. Mstari ni mmoja. Papa Florent alimwonyesha Séraphine mstari huo mara nyingi. Muziki una nusu saa yake, demi-heure, siku ya Jumanne, mardi, alimwambia, na kuchora kuna nusu saa yake Ijumaa, vendredi, na mambo mawili hayawezi kukaa kwenye mstari mmoja kama vile watu wawili wasivyoweza kuvaa suruali moja.

Mwishowe alimwita ofisini, mbele ya bata, akamweleza kwamba mkaguzi atakuja Alhamisi ijayo. Aione saa hiyo kwa macho yake. Akisema ni somo, litakuwa somo. Akisema si somo, basi Mama Louise abaki na vitenge vyake na vikopo virudi jikoni. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Séraphine, kwa sababu ulikuwa upole wa mtu anayetoa pole msibani.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa Papa Cirimwami. Mzaliwa wa upande wa Bukavu, alisoma seminari miaka mitano kabla ya kukutana na binti mmoja na kubadili mawazo kuhusu upadri. Alivaa suti ya rangi ya maziwa. Katika mji huu wenye vumbi jeusi, ambako hata mbuzi mweupe hazeeki akiwa mweupe, alipanda pikipiki kutoka shule moja hadi nyingine na kurudi nyumbani jioni suti ikiwa vile vile, na walimu wa Goma nzima hawajapata kuelewa. Walichoelewa ni neno lake. Ilisemekana aliwahi kuingia darasani mahali fulani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema "désordre," yaani vurugu, akatoka, na somo hilo halikufundishwa tena.

Usiku wa Jumatano Séraphine alikaa na fiche yake. Aliandika Musique, yaani muziki, akafuta. Akaandika Dessin, yaani kuchora, akafuta. Aliandika na kufuta mpaka karatasi ikaanza kutoboka, akaogopa, akauacha mstari wazi.

Asubuhi ya Alhamisi alikuta Papa Florent ameshaliandaa darasa kwa heshima ya mgeni. Mbele, katikati kabisa, aliweka meza. Juu ya meza alitandika kitambaa cheupe alichokiazima kwa mke wake, kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Kulia na kushoto aliweka vyombo viwili vya maua ya plastiki. Nyuma ya meza, kiti chenye mgongo mrefu. Alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaridhika. Laiti angetazama kidogo zaidi.

Mkaguzi aliingia saa tatu kamili. Watoto wakasimama wakaimba bonjour yao, wakakaa chini kwenye mikeka, kila wawili na kikopo chao. Mkaguzi akachukua fiche na kuisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akapandisha kidole mpaka kwenye ule mstari uliotaka kutoboka, akamtazama Séraphine. Séraphine akamwomba aone kwanza, ndipo waulizane. Mkaguzi akapeleka macho kwa Papa Florent, naye akatazama dari. Basi mkaguzi akapita nyuma ya meza, akasimama pale katikati ya maua katika suti yake ya rangi ya maziwa, akaweka mikono yake miwili juu ya kitambaa cheupe, akaashiria waanze.

Mama Louise, pembeni na ngoma yake, alikuwa amepanga kupiga mdundo wa mvua. Walikuwa wamefanya mazoezi ya mvua wiki mbili. Lakini alipoinua macho aliona meza, kitambaa cheupe, maua huku na huku, na mwanamume aliyevaa mavazi meupe amesimama nyuma ya hiyo meza anangoja. Mikono yake haikumwomba ruhusa. Ilifanya kile ilichokifanya kila Jumapili kwa miaka ishirini inapoona picha hiyo ya padri nyuma ya altare, ikapiga mdundo wa matoleo, ule wa kupeleka sadaka.

Sasa mtoto wa Ndosho anaweza asijue kufunga viatu vyake, anaweza asijue kuhesabu mpaka kumi bila kuruka saba, lakini mdundo wa matoleo anaujua. Aliusikia mgongoni kwa mama yake kabla hajaota meno. Mdundo huo ukilia, mtu anainuka, anachukua alichonacho na anakipeleka mbele akicheza, na anayekaa anaonekana mchoyo.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bénie, wa miaka mitano, ambaye mama yake ndiye huongoza wanawake wa matoleo na kikapu kichwani. Bénie akajitwika kikopo cha biti, akakishika kwa mkono mmoja, wa pili akauweka kiunoni, akaanza: hatua mbili mbele, moja nyuma, mbele mbili, nyuma moja, kama inavyotakiwa. Nyuma yake wakapanga mstari bila kusukumana, jambo ambalo Séraphine alikuwa akiwafundisha tangu mwaka wa shule uanze na likashindikana. Mtu akapiga kigelegele. Séraphine alitaka kuwazuia, lakini matoleo yanazuiwaje katikati? Hakuwahi kuona mtu aliyejaribu. Kibaya zaidi, alihisi mabega yake mwenyewe yameshaanza kucheza.

Mkaguzi alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, Séraphine aliliona lote likiwa limesimama nyuma ya meno yake. Lakini Bénie alikuwa amefika, amepiga goti, ameinua kikopo kwa mikono miwili, na miaka mitano ya seminari si mchezo. Mkaguzi akafumba mdomo. Akanyoosha mikono miwili, akapokea, akainamisha kichwa kidogo, akageuka kushoto kumkabidhi mtumishi wa altare.

Aliyekuwa kushoto ni Papa Florent. Akakipokea, atafanyaje? Akakiweka mezani. Alipogeuka, cha pili kilikuwa kinamngoja, na cha tatu, na manjano, na makala. Alipanga vizuri mwanzoni, safu kwa safu. Kufikia cha kumi na nne, kikopo cha sombe kiliinama njiani, na kijani kikateremka taratibu kwenye mkono wa suti ambayo vumbi la Goma lilikuwa limeshindwa kuigusa. Mkaguzi akautazama mkono wake. Akamtazama mtoto aliyefuata, amepiga goti, uso umejaa ibada. Akapokea. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mvulana aitwaye Chance, ambaye kikopo chao kilikuwa kimeshapelekwa na mwenzake, na kwa kuwa hakutaka kwenda mbele mikono mitupu, alitoa kandambili yake moja. Nayo ilipokelewa kwa mikono miwili. Papa Florent akaiweka kati ya biti na makala.

Ngoma ikanyamaza. Mama Louise alikuwa anaitazama mikono yake kwa hasira. Papa Florent, mwenye rangi nne mikononi na kitambaa cha mke wake kilichokuwa hakifai tena, alianza kuomba radhi kwa Kifaransa kirefu, na Séraphine alimsikia akilikaribia lile neno kabla mkaguzi hajalisema mwenyewe. Alitamani sakafu ifunguke. Wiki mbili za mazoezi, saa yake aliyoipenda kuliko zote, na imekwisha hata karatasi moja haijaguswa.

Mkaguzi alipangusa mkono wa suti kwa leso, kijani kikaenea vizuri zaidi. Hakusema neno lake. Aliwaamuru watoto waje wachukue vikopo vyao wakafanye kazi.

Hakuna aliyesogea. Bénie akainua kidole.

"Papa Inspecteur," alisema, "kitu ya matoleo haturudishake."

Wenzake wakanong'ona kwamba ndivyo, hairudishwi. Mkaguzi akaeleza kwamba hapa ni shuleni, si kanisani, na kwamba hizi ni rangi tu. Bénie alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu mzima aliyekosea.

"Ulipokea na mikono mbili," akasema.

Séraphine aliuma mdomo asicheke. Mtu aliyesoma seminari alijua kwamba ameshikwa. Alikaa kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu, akafikiri, kisha akawauliza watoto: Padri akipokea ndizi, na kabeji, na kuku wa matoleo, anavifanyia nini baadaye? Wakajibu kwamba huwapa wazee, na wagonjwa, na watu wasio na kitu. Chance alisema kuku anamla mwenyewe, akanyamazishwa. Vizuri, akasema mkaguzi, na humu ndani nani hana rangi? Watoto wakatazamana. Mikono arobaini na mitatu ikainuka, na mmoja wa Papa Florent ulianza kuinuka ukakumbuka cheo chake.

Basi mkaguzi akagawa. Alisimama akamwita kila maskini mbele na kumpa sadaka yake, na kila mmoja akamshukuru. Chance alipewa kandambili, akaikataa, akaomba njano.

Ndipo Mama Louise alipopiga mvua. Alianza na ncha za vidole, tone moja juu ya bati, kimya, tone lingine mbali. Kisha matone yakakaribiana. Kisha viganja vikaingia, mvua ikamwagika, ile mvua ya hapa ambayo mkiwa ndani ya nyumba ya mabati hamwezi kusikilizana hata kwa kupiga kelele. Brashi zikamfuata. Watoto walijaza mifuko ya simenti matone, mistari, mito, na Séraphine akasahau kabisa kwamba anakaguliwa. Alipita kati yao na viatu mkononi ili asikanyage kazi ya mtu. Mvua ikapungua, ikabaki kudondoka tu kwenye pembe za bati, ikaisha. Brashi zikatua.

Mkaguzi alitembea kati ya mikeka, mikono mgongoni, akitazama kila karatasi. Alitumia muda mrefu. Kisha akamvuta Séraphine pembeni na kusema naye kwa sauti ya chini, bila ukali wowote.

"Madame Séraphine, ni mzuri. Batoto banafurahi, nimeona. Lakini furaha hapana branche. Nitaandika dessin, vendredi, demi-heure. Ngoma ibakie mardi. Ukiitosha ngoma humu, ukiiondosha, karatasi zitabakia zile zile tu."

Papa Florent akatikisa kichwa kukubali, kwa huzuni yake ile ya msibani. Mkaguzi angesema lolote lingine, Séraphine angenyamaza, lakini hili la karatasi kubaki zile zile halikuwa kweli, naye alijua halikuwa kweli, na alikuwa na nafasi moja tu ya kulisema.

"Chagua moja, Papa Inspecteur. Yoyote. Batoto bageukie ukuta, Mama Louise apige ile anaona juu ya karatasi. Mwenye yake ataisikia."

Alipolisema tu akalijutia. Hawakuwahi kufanya hivyo. Siku zote ngoma ilitangulia na rangi ikafuata, na kurudi nyuma kwa njia hiyo hiyo hakuna aliyejaribu. Mama Louise alimtumbulia macho. Miaka ishirini alipiga kwa kusikia, nota hazijui, na sasa anaambiwa asome mfuko wa simenti.

Watoto waligeuka, pua zao ukutani, wakifurahia mchezo mpya. Mkaguzi akapita, akainama, akaokota karatasi moja bila mpango. Hakumpa mtu. Aliishika mwenyewe kwa pembe ya chini, mbele ya kifua chake, kama mtu asiyetaka kufanyiwa mazingaombwe, akamwonyesha Mama Louise. Mama Louise alikodoa macho. Akaomba iinuliwe kidogo. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto, akafumba macho na kuyafumbua, akaanza.

Juu ya karatasi kulikuwa na michirizi mirefu ya makala iliyolala upande, akaipiga kwa kuburuza kiganja juu ya ngozi. Chini yake kulikuwa na kijani kizito, akakipiga ndani, polepole, katikati ya ngoma. Halafu matone ya njano, machache, mbali mbali, akayapiga kwa kidole. Matone yakashuka, yakaishia. Naye akaishia.

Ukutani kimya. Chance alisema ni yake, lakini huyo husema hata mkate wa mwenzake ni wake, na wenzake wakamkatalia. Hakuna mwingine aliyesema. Séraphine alimwona Papa Florent akiangalia saa. Mkaguzi akaanza kuishusha karatasi, pole pole, na Séraphine akajua kwamba ameyataka mwenyewe.

Kisha akagundua kitu cha ajabu zaidi: Joyeuse alikuwa amenyamaza. Joyeuse, binti wa watu waliotoka milima ya Masisi, ni mtoto anayeongea hata akinywa maji, na sasa alikuwa amesimama na pua ukutani, kimya, mikono imekunjwa, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Séraphine akamwuliza, Joyeuse, hii ni yako?

"Ni yangu."

"Sasa juu ya nini hausemi?"

"Niko nangojea iishe."

Mama Louise akamwambia kwamba imeisha, mwanangu, nimepiga yote. Joyeuse akatikisa kichwa kukataa bila kugeuka.

"Haiyaisha. Papa hayapiga mulango."

Watu wazima wanne wakatazamana. Mkaguzi, kwa sauti ambayo hakuwa nayo alipoingia, akamwuliza mlango gani. Joyeuse akaeleza kwa haraka yake ya kawaida, kana kwamba kizuizi kimeondolewa: mvua ikinyesha na Papa akiwa hajarudi, Mama hafungui kwa mtu yeyote, wanakaa tu wanasikiliza bati, mpaka Papa apige. Anapigaka namna yake. Mara ngapi? Mara quatre, mara nne. Hapo Mama anafungua.

Mkaguzi akaitazama karatasi. Makala, kijani, njano. Hapakuwa na mlango, wala baba, wala chochote cha nne.

"Papa Inspecteur," alisema Mama Louise taratibu, "ondosha kidole."

Akakiondoa kidole gumba. Chini yake, kwenye pembe, kulikuwa na alama nne za biti, ndogo, nyekundu, zimepangwa kwenye mstari, kila moja imegongwa kwa ncha ya kidole cha mtoto.

Watu wazima wanne wakaziinamia na kuzihesabu chini chini. Hata nyundo ya Papa Habarurema, naapa, ilikuwa imenyamaza, ingawa labda ilikuwa tu saa yake ya chai. Kisha mkaguzi akaishika karatasi upya, safari hii kwa ncha za vidole, pembeni kabisa, akaiinua juu na kumwomba Mama Louise aanze tena tangu mwanzo. Mama Louise akapiga upepo wa makala, na kijani kizito, na matone ya njano yakipungua, yakipungua, mpaka kimya. Katika kimya hicho akagonga ubao wa ngoma, si ngozi, kwa vifundo vya vidole, mara nne.

"Ameingia," alisema Joyeuse, akageuka, akauliza kama sasa wanaweza kutoka ukutani maana ukuta unanuka.

Mkaguzi alirudi kwenye meza yake. Alisogeza maua, akasogeza vikopo viwili vilivyosahauliwa, akapata mahali pakavu pa kuweka fiche, akakaa akiitazama muda mrefu, kalamu mkononi. Séraphine hakuthubutu kusogea. Mwishowe mkaguzi akaandika kwenye ule mstari, kwa herufi ndogo nzuri za seminari: Musique, Alhamisi, saa tatu mpaka saa nne. Akapiga mstari mwingine chini yake kwa mkono, kwa kuwa fiche haikuwa nao, akaandika: Dessin, Alhamisi, saa tatu mpaka saa nne.

Papa Florent, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake, hakuweza kujizuia. Alionyesha kwa heshima zote kwamba branche ni mbili na saa ni moja.

"Musique ni demi-heure," alisema mkaguzi. "Dessin ni demi-heure. Demi-heure na demi-heure inafanya ngapi, Papa Directeur?"

Papa Florent alipiga hesabu mara mbili, maana ni mtu makini, na mara zote mbili akapata saa moja. Akatia sahihi. Aliacha na alama ya kidole gumba yenye biti pembeni, na mkaguzi akasema aiache vile vile.

Séraphine alikuwa ameandaa maneno ya kujitetea wiki nzima, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na sasa hayakuhitajika tena. Akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akalia kidogo na kucheka kidogo bila kujua kipi ni kipi. Bénie alikuja kumtazama kwa karibu, akaenda kuwatangazia wengine kwamba Madame ni mzima. Joyeuse alikuwa ameshamfikia mkaguzi na kumwomba karatasi yake, kwa sababu atampelekea Papa, na mkaguzi akampa kwa mikono miwili.